Mashine Inajua Kiswahili?

Leo sizungumzii simu mpya wala programu mpya. Leo nataka kukiri kosa.

Kuna ujumbe mmoja niliouandika kwa mkono wangu, maneno yasiyofika hata kumi na tano, uliomfanya mama mmoja wa mtaani kwetu asikanyage kwenye chama chake kwa miezi miwili. Programu iliyoutuma haikuwa na hitilafu. Hesabu zilikuwa sawa, tarehe ilikuwa sawa, nambari ya simu ilikuwa sawa. Kila kitu kilikwenda kama nilivyokipanga, na hapo ndipo penye shida.

Nianze mwanzo. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama huku Kisauni, Mombasa. Wako ishirini na wawili. Kila mwezi, kabla ya tarehe 5, kila mmoja hutoa shilingi 1,000, na zile 22,000 hupewa mmoja wao kwa zamu. Mmoja atanunua friji, mwingine atalipa karo, mwingine ataongeza mtaji wa biashara. Mnavijua vyama hivi, Kenya nzima vimejaa.

Miaka yote mama ameweka hesabu kwenye daftari kubwa la jalada jeusi lenye mgongo mwekundu. Ukurasa mmoja kwa mwezi mmoja. Majina upande wa kushoto, pesa upande wa kulia, na pembeni kabisa, kwenye pambizo, huandika vijineno vyake: "mtoto kalazwa", "atalipa tarehe 12", "msiba". Mimi nilipokuwa nyumbani likizo nililitazama lile daftari kwa jicho la mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu miaka minne. Nikaona aibu. Yaani mimi naandikia watu wengine programu kwa pesa, halafu mama yangu mzazi bado anajumlisha kwa kalamu?

Wikendi mbili zikanitosha. Nikaandika programu kwa Python, hifadhidata ndogo ya SQLite chini yake, na kipande cha kutuma SMS kwa wanachama. Nikaipaka rangi ya kijani na nyeupe, vitufe nikavizungusha kona vizuri. Jumapili ya kwanza nikaionyesha kwa akina mama waliokusanyika sebuleni kwetu. Wakapiga vigelegele! Mmoja akasema programu imependeza kama bibi harusi. Nikavimba kichwa, sitawaficha.

Dalili ya kwanza kwamba mambo si mambo ilitokea siku ya tatu. Mama aliingiza mchango wa mtu akaandika "1,000", na koma katikati, kama alivyoandika maisha yake yote. Programu ikamrushia maandishi mekundu: "HITILAFU: Taarifa batili." Akaandika tena vile vile. Nyekundu tena. Akaandika mara ya tatu, sasa akibonyeza vitufe kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta haisikii vizuri. Halafu akasema neno ambalo nilitakiwa kulishika pale pale lakini nikalipuuza. Aliambia kompyuta, "Samahani."

Yeye ndiye aliyeomba samahani! Mimi niliyesahau kwamba binadamu huandika elfu moja kwa koma, nilikuwa nimekaa kando nakunywa chai. Nikamwambia, "Mama, usiweke koma." Akasema, "Haya mwanangu, mimi hizi kompyuta sizijui." Tukaendelea.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe. Nilipanga kwamba ikifika tarehe 6 saa kumi na mbili asubuhi, programu yenyewe itazame nani hajalipa, imwongezee faini na kumtumia SMS. Maneno yake yalikuwa haya: "ONYO: Hujalipa mchango wa mwezi huu. Faini ya sh. 200 imeongezwa. Lipa mara moja." Mwisho wake jina la chama. Nilifurahi kwamba umekuwa mfupi, kwa sababu SMS moja hubeba herufi 160 tu, ukizidisha unalipia ya pili.

Kwenye chama yuko mama karanga mmoja, anakaanga samaki na kuuza jioni kando ya barabara. Mwezi wa pili wa programu yangu alifiwa na kaka yake. Akina mama wa chama walikuwa kwake tangu siku ya kwanza. Walipika, walikaa naye mkekani, na mama yangu mwenyewe alimwambia kwa mdomo wake kwamba mchango wa mwezi huo asiuwaze. Kwenye daftari la zamani hapo pangeandikwa neno moja tu pambizoni: "msiba". Lakini daftari lilikuwa kabatini, na kwenye programu yangu hapakuwa na pambizo.

Tarehe 6, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya hitima, simu yake ikalia.

Fikiria wewe ndiwe yeye. Jana wenzako wamekushika mkono wamekuambia usijali. Leo alfajiri unasoma ONYO, faini, lipa mara moja, na chini yake jina la chama. Utadhani nini? Alidhani kwamba wale wale waliokaa naye mkekani walikwenda kando wakashauriana, wakakubaliana kumtoza faini. Hakumwonyesha mtu. Hakugombana na mtu. Alinyamaza, na mkutano uliofuata hakuja. Na uliofuata tena hakuja.

Mama alipoona kimya kimezidi alikwenda kwake. Walizungumza muda mrefu, na mwisho mwenzake akatoa simu yake, kabambe ya vitufe, akamfungulia ule ujumbe. Alikuwa ameuhifadhi. Mama akarudi nyumbani jioni ile, hakufoka, akanikalia mbele na kuniuliza:

"Mwanangu, haya maneno aliyaandika nani?"

Nikamjibu, "Ni mashine, mama. Hutuma yenyewe."

Akanitazama. "Mashine inajua Kiswahili?"

Jamani, tangu siku ile swali hilo halijanitoka kichwani.

Usiku ule nilifungua msimbo wangu nikaupitia mstari kwa mstari nikitafuta kosa. Hakuna. Chuoni tulifundishwa kupima programu kwa kasi yake, kwa kumbukumbu inayotumia, kwa usahihi wa majibu yake. Kwa vipimo hivyo yangu ilipasi yote. Kipimo cha kuuliza mtu anayepokea jibu atabaki na hisia gani, sikumbuki kukifanyia mtihani.

Nikaanza kusoma. Na nikagundua kwamba mabingwa wakubwa kuliko mimi walishajikwaa kwenye kisiki hiki hiki. Donald Norman ni Mmarekani, mwanasaikolojia aliyewahi pia kufanya kazi Apple. Mwaka 1988 alitoa kitabu ambacho leo kinajulikana kama The Design of Everyday Things. Humo anaeleza milango ambayo watu huivuta badala ya kuisukuma, na swichi zisizojulikana zinawasha taa gani. Hoja yake moja ilinigusa sana: kitu kikitengenezwa vibaya, mtumiaji hujilaumu yeye. Hasemi mlango huu ni mbovu, husema mimi ni mjinga. Nikamkumbuka mama na ile samahani yake.

Lakini mwaka 2004 Norman alitoa kitabu kingine, Emotional Design, na humo akakiri kwamba alipokuwa akiandika kile cha kwanza hakuzingatia hisia. Alikuwa ametazama kama kitu kinafaa na kama kinatumika kwa urahisi, basi. Nikapumua kidogo. Kama Norman aliweza kusahau, na mimi nina nafuu.

Usanifu ninaouzungumzia hapa si wa majengo peke yake. Ni ule uamuzi wa kila kitu kitakavyokuwa kabla hakijatengenezwa: rangi, umbo, maneno, mpangilio, wakati. Norman anasema usanifu humgusa binadamu katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya papo kwa papo, macho yakiona tu moyo umeshasema napenda au sipendi. Ya pili ni ya matumizi, je, kitu kinafanya kazi yake bila kunisumbua? Ya tatu ni ya tafakuri, yaani baadaye, nikikaa na kufikiri, kitu hiki kinaniambia nini kuhusu mimi mwenyewe na maisha yangu?

Mtu wa pwani hahitaji profesa wa Marekani kuzielewa ngazi hizi. Chukua leso tu, ile ambayo wenzetu wengine huiita kanga. Leso ina pindo, ambalo ni ule mpaka unaoizunguka. Ina mji, ambao ni sehemu ya katikati. Na ina jina, yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini. Mwanamke akiingia duka la leso, kwanza rangi humwita kutoka mbali. Hiyo ngazi ya kwanza. Kisha hushika kitambaa, huangalia uzito wake, maana leso itafungwa, itabeba mtoto, itafunika kichwa jikoni, itafuliwa mara mia. Hiyo ya pili. Lakini hatoi pesa mpaka asome jina. Jina ndilo litakaloamua leso hii ni ya nani: ya mama mzazi, ya mke mwenza, ya shoga aliyejifungua, ya jirani mwenye mdomo. Kitambaa kile kile, rangi zile zile, ukibadilisha jina tu umebadilisha zawadi ikawa ugomvi.

Sasa itazame programu yangu kwa jicho la muuza leso. Pindo zuri, mji mzuri, kijani na nyeupe, wakina mama walipiga vigelegele. Kitambaa imara, hesabu haikukosea hata shilingi moja. Halafu jina nikaandika ONYO, nikampelekea mfiwa.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba uzuri wa macho ni upuuzi. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura wa kampuni ya Hitachi, walitengeneza mipangilio 26 ya skrini na vitufe vya mashine za kutolea pesa. Wakawaonyesha watu 252, wakawauliza mambo mawili: huu unapendeza kiasi gani, na huu unaonekana rahisi kutumia kiasi gani? Iliyopendeza ndiyo iliyoonekana rahisi. Uhusiano wa uzuri na wepesi wa kuonekana ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mambo yanayoufanya mpangilio kuwa mwepesi kweli kweli. Mtafiti wa Israeli, Noam Tractinsky, hakuridhika. Alidhani labda ni Wajapani tu na mapenzi yao ya vitu vya kupendeza, akarudia jaribio lile nchini kwake na kutoa matokeo mwaka 1997. Akakuta Waisraeli nao vile vile, tena zaidi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walishamaliza. Mtu akikiona kitu kinapendeza humpa nafasi, hukivumilia kikimkwamisha kidogo. Mtu aliye na hofu hufanya kinyume: akili husinyaa, akashikilia njia moja tu na kuirudia kwa nguvu. Ndiyo maana milango ya dharura kwenye kumbi kubwa hutengenezwa ifunguke kuelekea nje kwa kusukumwa tu, kwa sababu umati wenye hofu husukuma, hausimami kusoma kibandiko cha "vuta". Na ndiyo maana mama, baada ya maandishi mekundu, alibonyeza "1,000" ile ile mara tatu. Rangi nyekundu niliyoiweka ili imsaidie ndiyo iliyomfunga akili.

Ila wahenga hao hao walisema pia, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uzuri hufungua mlango, lakini mtu akishaingia ndani atatafuta pa kukaa. Na mimi naamini furaha au huzuni ambayo kitu kinaweza kumletea mtu iko zaidi kwenye ile ngazi ya tatu, pale mtu anapobaki na swali la yeye ni nani mbele ya kitu hiki. Mama karanga hakuumia kwa sababu skrini ilikuwa mbaya. Aliumia kwa sababu SMS ilimwambia kwamba kati ya marafiki zake yeye ni mdeni.

Upande wa pili wa shilingi tunao hapa hapa Kenya. M-Pesa ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, ukiitazama kwa macho haikuwa na urembo wowote. Menyu ya maandishi matupu kwenye simu ndogo, hakuna picha, hakuna rangi. Kwa ngazi ya kwanza ingepata sifuri. Lakini wanaokumbuka maisha ya kabla yake watakuambia: ukitaka kumpelekea mzazi pesa unampa mtu anayesafiri, au dereva wa basi, kisha unakaa na wasiwasi siku mbili tatu. Zimefika? Zimefika zote? M-Pesa ikaja na SMS mbili, moja kwako na moja kwa uliyemtumia, zenye kiasi, jina, tarehe, saa na namba ya muamala. Ule ujumbe mdogo uliondoa usingizi wa mang'amung'amu. Mwana wa Nairobi akijua mamake wa kijijini ameshapata, analala. Watu wakawa wanauhifadhi kama stakabadhi, wanauonyesha dukani, wanaushika kama ushahidi. Mimi nauita usanifu wa hali ya juu kabisa, na umejengwa kwa maneno matupu ndani ya SMS.

Kwa hiyo ujumbe mfupi unaweza kumlaza mtu usingizi, na unaweza kumtoa mtu chamani. Herufi ni zile zile 160.

Na kuna jambo linaloniogopesha zaidi. Mimi niliaibisha mtu kwa kutojua. Wako waliofanya hivyo kwa makusudi. Programu za mikopo ya simu zilipoenea nchini, baadhi ya wakopeshaji walikuwa wakichukua orodha ya namba zote kwenye simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, wanawapigia mwajiri wake, shangazi yake, rafiki yake wa zamani, kuwatangazia kwamba fulani ni mdeni. Tafakari hilo kama mtaalamu mwenzangu. Mahali fulani palikuwa na kijana kama mimi, ana shahada kama yangu, aliyeandika ule msimbo wa kusoma orodha ya namba. Alijua aibu ina nguvu kuliko faini, akaifanya sehemu ya mashine. Malalamiko yalizidi mpaka Bunge likarekebisha Sheria ya Benki Kuu ya Kenya mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mteja bila idhini. Ilibidi sheria ya nchi iingie kati kwa jambo ambalo bibi yangu angelimaliza kwa kusema tu, mtu hadaiwi mbele za watu.

Basi nikarudi kwa mama. Nikamwambia nitairekebisha programu, aniambie inakosea wapi. Nilitarajia aniambie mambo ya koma. Badala yake akaniuliza, "Wewe unadhani chama ni cha nini?"

Nikasema, cha kuweka akiba.

Akacheka. "Akiba mtu ataweka benki. Ataweka kwenye simu. Kule hakuna wa kumpikia mahamri wala wa kumsengenya." Halafu akasema kwa utulivu: "Chama ni ili siku usipoonekana, mtu aulize uko wapi."

Hapo nikaelewa kwa nini pambizo la daftari lilikuwa limejaa kuliko safu ya pesa. Mimi niliona pambizo kama uchafu, vijineno visivyoingia kwenye jedwali. Kumbe chama chenyewe kilikuwa kinaishi pale. Safu ya pesa ilikuwa sababu ya kukutana tu. Nilichukua daftari lenye vitu viwili, nikahamisha kile kimoja kilicho rahisi kuhesabu, nikaacha kile kilichowafanya wafurahi kuwa pamoja.

Haya, niliyobadilisha ni haya. Kwanza, programu sasa inakubali 1000, inakubali 1,000, inakubali 1000/=. Kazi ya kuelewa binadamu ni ya mashine, si kinyume chake. Ilinichukua mistari minne ya msimbo. Minne! Na mama alikuwa ameomba samahani kwa sababu ya mistari minne niliyokuwa mvivu kuiandika.

Pili, niliondoa ile rangi nyekundu. Aliyelipa ana alama ya tiki, ambaye bado ana nafasi wazi, kama vile kwenye daftari.

Tatu, kila mwezi kwa kila mwanachama kuna kisanduku cha maandishi kinachoitwa Pambizo. Hakihesabiwi, hakijumlishwi, hakina masharti. Mama anaandika anachotaka. Nilipokuwa mwanafunzi mwalimu angeniuliza kisanduku hicho kina kazi gani, nisingekuwa na jibu. Leo ninalo.

Nne, na hii ndiyo kubwa, programu haimtumii ujumbe aliyechelewa. Tarehe 6 asubuhi humtumia mama peke yake: fulani na fulani bado. Mama ndiye anayejua nani apigiwe simu, nani aendewe nyumbani, na nani aachwe kwanza. Akiamua kutuma SMS, anabonyeza mwenyewe, na maneno yake aliyatunga yeye. Ni haya: "Hujambo dada. Mchango wa mwezi huu bado haujatufikia. Kama kuna jambo limekufika, tuambie. Tuko pamoja."

Nimezihesabu herufi. Hazifiki 160. Yaani adabu ilikuwa inatosha ndani ya bei ile ile ya SMS moja tangu mwanzo. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ninaokoa pesa.

Na mama karanga? Nisingependa mkaondoka mkidhani programu mpya ndiyo iliyomrudisha. La. Mama na wenzake wawili walikwenda kwake jioni moja wakakaa naye karibu na karai lake la mafuta mpaka samaki wakaisha. Mimi nilipelekwa siku ya pili. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia kwamba yale maneno niliyaandika mimi, si chama, na kwamba wenzake hawakuyajua. Nilitaka kumweleza habari za mashine kutuma yenyewe, ulimi ukakataa. Akaniangalia kwa muda, akafunga kipande cha papa kwenye gazeti akanipa. "Mpelekee mamako," akasema. Jumapili iliyofuata alikuja. Alilipa michango yote mitatu aliyokuwa nyuma nayo, ingawa ule wa mwezi wa msiba walikuwa wameshamsamehe. Faini ilifutwa. Kwenye Pambizo mama aliandika "amerudi", na sikumbuki kama kuna data nyingine niliyowahi kuiona kwenye skrini ikanifurahisha kiasi kile.

Kwa hiyo wasomaji wangu, hasa ninyi wenzangu mnaoandika programu, sidhani kwamba sisi tunaweza kumpa mtu furaha. Furaha ya watu iko kwenye maisha yao, kwenye mikeka na mahamri na watoto wao. Lakini tunapita katikati ya maisha hayo kila siku, na kila tunapopita tunaacha kitu: tunamwacha mtu na utulivu, au tunamwacha na fedheha. Hakuna ujumbe usio na hisia. Ukiandika bila kufikiria hisia, hisia zitaingia zenyewe, na mara nyingi zitakazoingia ni za ukali.

Nina ombi moja dogo. Leo au kesho, fungua kazi yako utoe ujumbe wote ambao programu yako huwaambia watu wanapokosea, wanapochelewa, wanaposhindwa. Usisome kimya. Keti na mama yako, au shangazi, au yeyote anayekuheshimu na unayemheshimu, umsomee kwa sauti kama vile unamwambia yeye. Ule utakaokukwama kooni, ufute. Mama wa mwenzio pia anaupokea.

Mimi nilipomsomea mama ujumbe wangu uliobaki alinisimamisha kwenye mmoja uliosema "Mtumiaji hajulikani." Akauliza, "Hajulikani na nani? Mimi namjua."

Nimeubadilisha.